Samaki wa Posa

Napenda kuwatangazia wote wanaohusika kwamba babu yangu Tseko, mlinzi wa bwawa la Vrabchevo, alirudi kutoka mjini Vratsa akiwa na meno mapya, juu na chini, na kwamba meno hayo yalikuwa ya uchumba.

Mwenyewe hakusema hivyo. Alisema ni ya kutafunia kokwa za jozi. Lakini mzee ambaye amekuwa akilowesha mkate kwenye supu tangu bibi yangu afariki hawezi kuamka asubuhi moja na hamu ya jozi. Mimi nasoma shule ya bweni huko Plovdiv, na tumefundishwa kutafuta sababu iliyojificha nyuma ya sababu. Sababu iliyojificha nyuma ya meno iliishi chini ya tuta la bwawa, nyumba ya kwanza kando ya kijito. Iliitwa Bibi Gergina, mjane, na kabichi lake la siki halijapata mpinzani kuanzia kwetu hadi mto Danyubi.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwa sababu boila ya kupashia bweni joto ilikufa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile, kitu kiliharibika na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Sasa, posa. Kijijini kwetu mwanamume mjane akimpelekea mwanamke mjane sharani, yule samaki mnene wa bwawani, siku ya Mtakatifu Nikola mwanzoni mwa Desemba, akiwa mzima, aliyeokwa ndani ya unga na kujazwa jozi na vitunguu, basi ameposa. Mwanamke akimkaribisha mezani, amekubali. Maneno hayahitajiki, na utaratibu huu huwafaa sana watu kama babu, ambaye maneno humtoka kama msumari uliogongwa kwenye mwaloni. Sharti ni moja tu: samaki uwe umemlea mwenyewe. Wa dukani ni matusi.

Babu alikuwa nao. Mmoja hasa, mwenye mgongo wa rangi ya shaba, alikuwa akimlisha mahindi yaliyochemshwa tangu kiangazi. Ila sharani ana kasoro ya tabia: maji yakizidi, huondoka bila kuaga. Kwa hiyo babu alifunga wavu wa waya wenye matundu madogo pale kwenye njia ya mafuriko.

Nieleze hapa, maana ndipo balaa lilipozaliwa. Bwawa letu ni la udongo mtupu. Wazee walilirundika kwa majembe na mikokoteni ili ng'ombe wanywe kiangazi, bustani za pilipili zimwagiliwe, na kijito kisiingie jikoni mwa watu theluji inapoyeyuka. Mwisho mmoja wa tuta kuna mfereji wa zege, na huo ndio njia ya mafuriko: maji yakikaribia kujaa hutokea hapo, ili yasipande juu ya tuta. Samaki walikuja baadaye kama wageni, wakakaa kama wenye nyumba.

Wavu ukiwa pale, majani hunasa. Babu alijua. Kila asubuhi alishuka kutoka nyumbani kwake kilimani akaukwangua kwa reki. Lakini alipokwenda mjini kwa fundi wa meno, akalala kwa dada yake, hakumwachia mtu kazi ile. Kumwachia mtu kungekuwa kumweleza anakwenda wapi, na meno yalikuwa siri. Huku nyuma mvua ilinyesha, miti ya mipopla ikapukutika majani, na upepo ukaleta mabua ya mahindi kutoka mashambani.

Nilimpokea kituo cha basi adhuhuri, mvua ingali inanyesha.

"Mbona unatabasamu hivyo, Babu? Umeshinda bahati nasibu?"

"Sitabasamu. Hayafungiki vizuri."

Tukapita bwawani, kwa sababu babu hawezi kufika nyumbani bila kupita bwawani. Na tabasamu lile, lisilo lake, likabaki usoni huku macho yakibadilika.

Maji yalikuwa yamefika kwenye nyasi za juu ya tuta. Katikati, pale ambapo trekta la jirani yetu Spas huvuka na kupabonyeza, maji yalikuwa yameanza kupita. Utepe mwembamba tu, hata si mpana kama taulo, ukiteremka upande wa pili kimyakimya. Sikuona la kutisha. Nilitaka hata kutania.

"Usicheke, Kalina," babu akasema. Hajawahi kuniambia hivyo. "Tuta la udongo halivunjwi. Linaliwa. Linaanza hivi, kama sukari kwenye chai."

Alikimbilia gurudumu la bomba la chini, lile la kupunguza maji. Lilizunguka kidogo, likalia, likagoma kwa kutu. Akarudi kwenye wavu akajaribu kukwangua, lakini majani yalikuwa yamegandamana kama blanketi la sufu lililolowa, na uzito wote wa bwawa ulikuwa umeyaegemea. Aliondoa fungu, likaja jingine.

"Babu, kata wavu."

"Nakwangua."

"Kata!"

"Watatoka wote, Kalina." Alisema hivyo bila kunitazama. "Wote. Na yule."

Katikati ya tuta bonge la nyasi, ukubwa wa mkate, likang'oka na kuporomoka. Tulilitazama likienda. Chini yake, moja kwa moja chini yake, lilikuwa paa la nyumba ya Bibi Gergina.

Babu akatoa meno yake akayatia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akachukua kamba, akajifunga kiunoni na kwenye shina la mti.

"Kamtoe Gergina ndani. Mwambie apande kilimani. Kimbia!"

Nilimkuta jikoni akigeuza kabichi ndani ya pipa.

"Bibi, toka! Maji yanapita juu ya tuta!"

"Mkorofi wewe. Pasaka uliniambia askofu yuko langoni, nikavaa gauni la msiba."

"Safari hii ni kweli. Naapa kwa kabichi lako."

Alinitazama, akaona sicheki. Akafunika pipa, akavaa gumbuti, akachukua sepetu na magunia matupu ya viazi.

"Babu amesema upande kilimani."

"Babu yako aniamrishe atakaponilisha. Yuko wapi?"

"Anakata wavu."

"Wavu gani?"

Nikamweleza huku tunapanda tuta, naye akawa anatamka maneno ambayo mjane mcha Mungu hapaswi kuyajua. Mengine nimeyapeleka shuleni.

Tulipofika, babu alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa mfereji, mkono ndani ya maji hadi begani, koleo likiuma waya mmoja baada ya mwingine kuanzia pembeni. Waya wa mwisho ukakatika wenyewe. Wavu ukajikunja kama karatasi, majani yakaondoka kwa mkupuo, na maji yakaingia mferejini kwa kishindo nilichokisikia tumboni.

Pamoja na maji, samaki. Wadogo kwanza, wakimetameta, kisha wanene. Mwishoni akapita yule mwenye mgongo wa shaba, taratibu, kama mheshimiwa anayetoka kanisani. Babu alinyoosha kiganja. Angeweza kumgusa. Hakumgusa. Yule akateremka kijitoni kuelekea kijiji cha pili, ambako hawajui hata kupika.

Kazi haikuwa imekwisha. Bibi Gergina na mimi tulijaza magunia udongo mzito wa ukingoni, tukayapanga pale palipobonyea, tukayakanyaga. Babu akaja kusaidia, mvua ikimchuruzika mashavuni, nami kwa heshima ya familia naendelea kusisitiza kwamba ilikuwa mvua. Utepe ukapungua, ukawa uzi, ukakoma. Chini ya nyasi maji yakaanza kushuka, na ukanda mweusi wa tope ukaonekana.

Bibi Gergina akaegemea sepetu.

"Haya, Tseko. Umeziba mlango wa maji kwa ajili ya samaki. Wewe, mlinzi! Nani alitakiwa amle huyo mfalme?"

Posa yote ambayo babu aliiandaa ili asiseme neno ilikuwa imeshapita daraja la kijiji cha pili.

"Wewe," akasema.

Nikaanza kukanyaga magunia kwa bidii ambayo walimu wangu hawajapata kuiona, nikiwapa mgongo.

"Mimi samaki hunipa kiungulia," Bibi Gergina akasema hatimaye. "Maisha yangu yote nakula mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya Mtakatifu, na siku nzima najuta."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Unapita mlangoni kwangu kila siku, 'habari', 'nzuri', basi." Akachoma sepetu ardhini. "Na jambo jingine. Mlinzi wa bwawa anaishije kilimani? Huko juu hata tuta likienda lote, wewe umelala. Mlinzi anapaswa kulala chini ya tuta. Anayelala chini hasahau majani, na hafungi wavu wa kijinga."

Babu alifikiri. Mtu angemsikia akifikiri.

"Chini ya tuta kuna nyumba yako tu."

"Naijua nyumba yangu ilipo."

"Gergina, unaniambia nihamie..."

"Nakuambia habari za usalama wa bwawa. Na sasa nenda kapake grisi lile gurudumu, kabla sijabadili mawazo."

Babu akaenda. Alipofika nusu ya tuta akageuka kuhakikisha kwamba Bibi Gergina bado yuko pale. Alikuwa bado yuko pale.

Jumapili tulishusha kitanda chake kwa trekta la Spas, tukizunguka barabarani, kwa sababu Bibi Gergina alikuwa ameshapiga marufuku chochote chenye magurudumu kuvuka tuta. Alisimama mlangoni akituongoza kama polisi wa trafiki.

"Kushoto! Kushoto zaidi! Spas, hicho ni kitanda, si jeneza, kiinue! Tseko, shika upande huo. Huo wa kwako, wa dirishani. Huku ndiko bwawa linakosikika."