Uso Uliosema Bila Mwenyewe

Usingizi unamchukua Tusekile akiwa ameketi kwenye benchi, wala si usingizi aliouita, ni ule wa kunyemelea, unaoanzia magotini kama baridi na kupanda taratibu. Mvua ya milimani inapiga bati la kituo, televisheni iliyotundikwa ukutani inasoma habari za mchana, na askari wa mapokezi amekwisha kumwambia tena na tena, Mama, subiri, taarifa ya mumeo inakuja. Anasubiri. Amezoea kusubiri tangu walipomchukua Asajile, mumewe, mwalimu wa uraia katika sekondari ya pale mjini, mtu mpole ambaye kosa lake lilikuwa kucheka mezani. Walikuwa wawili tu jikoni, mke na mume, wanakula ndizi na maharage, binti yao Sekela yuko shule ya bweni, na redio inasema wananchi wote wameufurahia mpango mpya wa kusajili nyuso, kwamba kila mtu apigwe picha usoni ili serikali imlinde popote aendapo. Asajile akacheka. Wananchi gani hao, akasema, mbona mimi sijaulizwa? Serikali inayotaka kuniona hata nikiwa chooni hainilindi, Mama Sekela, inaniogopa. Mchuzi ukampalia, akakohoa, wakacheka wote. Haikupita juma, wanaume wenye adabu sana wakapiga hodi, wakamsomea maneno yale bila kukosea hata moja, na mmoja wao akakohoa palepale Asajile alipokohoa. Kabla hajaingizwa garini Asajile aligeuka akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni nani mwingine aliyekuwamo chumbani, na hampati.

Sasa kichwa kinamwangukia begani, sauti ya msomaji wa habari inavutika kama utomvu, na askari anainuka, anafungua mlango mdogo nyuma ya meza yake, mlango ambao Tusekile hakuwa ameuona, anasema, Mama, taarifa iko huku. Tusekile anajifunga kitenge vizuri, anavuka kizingiti, na upande wa pili hakuna ofisi. Kuna barabara. Ni barabara pana, imelowa ingawa hapanyeshi, inakwenda mbele mpaka macho yanachoka, na kandokando yake zimesimama nguzo zenye kamera ambazo zinamgeukia anapopita, taratibu, bila haraka, kama alizeti zinavyoligeukia jua. Anatembea. Anapita duka lililofungwa, mlingoti wa simu uliokatika waya, kibanda cha rangi ya bluu, kisha anatembea sana na anapita duka lililofungwa, na kibanda kilekile cha bluu, na mbele ya kibanda safari hii amesimama mtu aliyevaa koti refu la mvua. Tusekile anamkaribia na kuona kwamba pale ambapo pangekuwa na uso pamelainika tu, pameng'aa kama ganda. Shikamoo, anasema, kwa kuwa umri wa mtu asiye na uso haujulikani na heshima haimtupi mtu. Marahaba, anajibiwa, na sauti haitoki mdomoni maana mdomo haupo. Mimi ndiye kiongozi wa njia. Unatafuta nini? Namtafuta mume wangu, anasema Tusekile, Mwalimu Asajile, alichukuliwa kwa neno alilolisema nyumbani kwake. Kiongozi anainamisha kichwa kama anayefikiri. Kitendawili, anasema. Na Tusekile, kwa mazoea ya utotoni yanayotangulia akili, anajibu, Tega. Nyumba yangu haina mlango, anatega kiongozi. Nusura acheke kwa nafuu, hicho ni cha watoto wa chekechea. Yai, anasema. Hapana, anasema kiongozi, hilo lilikuwa jibu la bibi yako. Umeshindwa, nipe mji.

Ndiyo desturi, anayeshindwa hutoa mji, na siku zote ilikuwa mchezo, mtoto hugawa miji asiyowahi kuiona na jioni bado iko palepale. Haya, nakupa Kyela, anasema Tusekile. Akishatamka tu anahisi kitu kimechomoka ndani yake kama jino. Kyela alikozaliwa, harufu ya mpunga ukipepetwa, mama yake akimwita kutoka upande wa kisima, hamna tena, pamebaki tundu ambalo moyo unalizungukazunguka. Na jibu? anauliza. Nyumba yako, anasema kiongozi. Nyumba yako ndiyo haina mlango. Kisha anatangulia, na Tusekile anamfuata, afanyeje, barabara ni moja. Wanatembea, na barabara inajikunja na kujirudia, na kila wanapokikuta kile kibanda cha bluu kiongozi anakuwa mrefu kidogo, au mfupi, au ni mwingine kabisa aliyevaa koti lilelile. Kitendawili, anasema tena. Tega, anasema Tusekile, safari hii kwa hofu. Ninaye mgeni asiyekula ugali, namlisha umeme, namlaza karibu na kichwa changu, kukicha anawasimulia watu niliyoyaota. Simu! anapiga kelele Tusekile, na kelele yake inafurahi kwa niaba yake, simu, ilikuwa mezani siku ile, karibu na bakuli la maharage, nilijua, nilimwambia kila mtu kwamba ndiyo iliyosema. Umepata, anasema kiongozi, lakini usishangilie. Simu ni sikio. Sikio halina ulimi. Walikuja watu wakasema maneno ya mumeo, na wakakohoa kikohozi chake, kwa hiyo ulimi ulikuwapo. Tega masikio yako wewe sasa: sikio lilikuwa mezani, ulimi ulikuwa wa nani?

Tusekile anafikiri. Anafikiria kampuni iliyotengeneza simu, anafikiria mnara ulioko juu ya kilima cha kanisa, anafikiria vijana wanaokaa mbele ya kompyuta katika jengo asilolijua, wanaokunywa chai huku wakisikiliza jikoni mwa watu, na kila anayemtaja kiongozi anatikisa kichwa kilicho laini. Wao wanasikiliza tu, anasema. Wanafanya kazi yao tu. Waliowatuma nao walitumwa. Ukimfuata aliyetuma utatembea barabara hii mpaka nyayo ziishe, na mwisho wake utakuta kibanda cha bluu. Nipe mji. Nakupa Mbeya, anasema Tusekile kwa haraka, ili lipite. Mbeya tunayo, anasema kiongozi, watu wengi wamekwisha kutupatia. Nipe unakoishi. Anakataa. Anakaa chini barabarani, juu ya lami iliyolowa, anasema hatoi, mji huo una nyumba yake na kaburi la mtoto wake wa kwanza na mumewe atarudi huko akiachiwa, ataupata vipi kama haupo. Bila kuutoa hutamwona, anasema kiongozi, wala hasemi kwa ukatili, anasema kama karani anayemwambia mtu dirisha limefungwa. Basi Tusekile anautoa. Anautaja kwa jina, kwa sauti ndogo kabisa, na jina linamponyoka, na tangu hapo anajua tu kwamba kulikuwa na mahali, kulikuwa na mvua na chai mlimani, lakini palikuwa panaitwaje hajui.

Hapo barabara inafunguka na wanaingia katika mji wa vioo. Kila ukuta ni kioo na kila kioo kina jiko la mtu. Watu wamejaa humo, wameketi mezani, wamesimama penye masufuria, wamelala kitandani wakinong'ona, na kila mmoja anasema jambo ambalo alilisema zamani akidhani limekwisha. Mzee mmoja anamwambia mkewe kwamba mbunge wao ni mwizi, anamaliza, anaanza upya. Msichana anamwambia rafiki yake kwamba haamini tena sala. Muuguzi anasema dawa hakuna, magazeti yanadanganya, dawa hakuna. Wanasema na kusema, midomo imekauka, na hakuna anayeweza kunyamaza kwa sababu neno likishahifadhiwa ndilo linalomsema mwenyewe. Tusekile anakimbia katikati yao, anajiona kwenye kila ukuta akikimbia kuja na akikimbia kwenda, mpaka anaona bakuli analolijua, kitambaa cha meza alichokitarizi mwenyewe, na Asajile, amekonda, shati lilelile. Wananchi gani hao, anasema Asajile, mbona mimi sijaulizwa, na anacheka, lakini kicheko kimechakaa kama nguo iliyofuliwa mno. Baba Sekela, anaita Tusekile, anapiga kioo kwa viganja. Asajile anakohoa, na baada ya kikohozi, mahali ambapo angeanza upya, anasita, anageuza shingo kwa taabu kubwa. Mama Sekela. Umekuja. Nimekuja, twende. Siwezi, anasema, nikiondoka mezani maneno yatabaki, na yakibaki bila mimi watayatafutia mtu mwingine. Halafu anamtazama kwa macho yaleyale ya siku ile ya gari. Anauliza polepole, Lakini ni nani, mke wangu? Tulikuwa wawili. Ilikuwa simu, anasema Tusekile, naapa kwa kaburi la mtoto wetu, ilikuwa ile simu pale mezani. Asajile anataka kuamini, inaonekana anataka, uso wake wote unaelekea huko kama mtu anayeegemea moto. Ndivyo nilivyojiambia, anasema. Kila siku najiambia hivyo. Niambie tena.

Hajapata kumwambia tena. Ukuta nyuma ya Asajile unawaka, ni skrini, na muziki wa taarifa ya habari unalia katika mji mzima, watu wote kwenye vioo wanageuka kutazama, na msomaji wa habari anasema kwamba leo tunaye mwanamke mzalendo. Na anayetokea ni Tusekile. Ni yeye, kitenge chake, kovu dogo juu ya nyusi, namna yake ya kulamba mdomo kabla ya kuongea. Nilimsikia mume wangu akiitukana serikali, anasema yule wa kwenye skrini, nikaona siwezi kunyamaza, nchi ni kubwa kuliko ndoa. Sauti ni yake. Hata lafudhi ya nyumbani, ile ambayo watu wa mjini humcheka nayo, iko palepale. Si mimi! anapiga kelele Tusekile, Baba Sekela, si mimi, walinipiga picha dirishani kwenye usajili, wakaniambia tabasamu, wakaniambia soma sentensi hii kwa sauti, wamenichukua, wamenitengeneza! Anapiga kelele lakini hasikii chochote, na anapopeleka mikono usoni vidole vinateleza, pamelainika, hakuna pua, hakuna mdomo. Anamgeukia kiongozi, anamshika koti, na kwa kuwa hana mdomo anamsihi kwa kumtikisa. Uso wako uko kazini, anasema kiongozi. Mtu mwenye nyuso mbili ni mnafiki, kwa hiyo tumekuachia mmoja. Ndani ya kioo Asajile anatazama skrini mpaka mwisho, bila kupepesa. Haonyeshi chuki. Mabega yanamshuka tu, kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango dhidi ya upepo muda mrefu na sasa ameuachia. Anageukia kiti kilicho mbele yake, kitupu, anakiambia, Basi, na anaanza upya, Wananchi gani hao.

Mama. Mama, amka. Ni askari wa mapokezi, amemshika bega. Mvua imepungua, benchi ni benchi, televisheni inaonyesha tangazo la sabuni. Tusekile anajipapasa uso, anaupata, anashika pua, anashika midomo, analia kwa kuipata. Acha kulia, Mama, anasema askari kwa upole, mambo yamekwisha, mumeo ameachiwa, yuko nje anakusubiri. Anatoka mbio hata kiatu kinamvuka. Asajile amesimama chini ya upenu, amekonda, mikono amening'iniza kama vitu vya mtu mwingine, na anapomkumbatia ni mwili wa kweli, una joto, una jasho. Mungu mkubwa, anasema Tusekile, umerudi, Baba Sekela, wamekutenda nini? Hawakunitenda kitu, anasema Asajile. Walikuwa watu wazuri. Walinipa chai. Anamsogeza kidogo, kwa adabu, amtazame usoni. Walinipa na televisheni, anasema. Nimekuona kwenye taarifa. Ulizungumza vizuri.

Tusekile anafungua mdomo. Nyuma yake mlango wa kituo uko wazi, televisheni inaendelea, tangazo limekwisha na muziki wa habari unaanza, na angegeuka angejua, lakini shingo haigeuki. Angesema ilikuwa ndoto. Angesema walinitengeneza, lakini ndiyo maneno aliyoyapigia kelele kule, na kule hayakusikika, na hapa askari amesimama mlangoni amewategea sikio huku akisafisha kucha. Anaminya ngozi ya mkono wake mpaka inauma, kisha anakumbuka kwamba na kule, miji ilipomchomoka, aliumia. Twende nyumbani, anasema hatimaye, maana hilo halina hatari. Twende, anasema Asajile. Anafungua mwavuli, anaunyosha upande wa mkewe kwa uangalifu hata yeye mwenyewe analowa, na njia nzima anazungumzia mvua, jinsi ilivyo nzuri mwaka huu, jinsi viongozi wanavyojitahidi na barabara, kwa sauti iliyo wazi na ya kiasi, kama mtu anayelisomea darasa. Wanapita watu wanaowafahamu, na wengine wanampungia Tusekile mkono, na mwanamke mmoja wa sokoni anatema mate chini wanapompita. Tusekile anamtazama mwanamke yule, anajaribu kumkumbuka jina, halimjii. Anataka kumuuliza mumewe mji huu unaitwaje. Mwavuli unatikisika, Asajile anakohoa, na Tusekile anamshika mkono kwa nguvu akisubiri litakalofuata baada ya kikohozi, lakini Asajile anasema tu kwamba mawingu yanafunguka, na Tusekile anaitikia, Ndiyo, yanafunguka, ingawa akitazama juu hayaoni yakifanya hivyo.