Tangi Lililovimbiwa

Mpishi mkuu wa chuo aliitwa Bi Mwiko. Jina hilo alipewa na wanachuo, kwa sababu hakuwahi kumwonyesha mtu kosa lake wala mlango wa kutokea kwa kidole, alitumia mwiko. Jikoni kwake palikuwa na majiko makubwa ya kuni, yamejengwa kwa matofali kando ya ukuta mmoja, na dari lilikuwa jeusi tii kwa masizi. Wanawake waliofanya kazi chini yake waliujua ujio wake kwa kikohozi kabla hawajamwona. Macho yake yalikuwa mekundu kutwa, hata mgeni aliyemkuta akichambua mchele angedhani ametoka msibani.

Kuni zililetwa na mdogo wake, wa tumbo moja, kwa lori kuukuu lililowaka pale lilipopenda. Dada mtu ndiye aliyemtafutia kazi hiyo wakati hana mbele wala nyuma, na kwa kuni hizo alioa, akajenga, akasomesha. Kila Jumamosi alishusha mzigo, akanawa mikono, akaketi juu ya gunia la maharage kunywa chai na dada yake. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na mambo yake, wakiishi mbali mbali. Lakini Jumamosi ile hawakuikosa. Hapo ndipo waliposemana, wakacheka, wakakumbushana ya marehemu mama yao.

Ndipo akaja mwalimu mpya wa ufundi, kijana mchangamfu aliyeanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake. Haukupita muda, wanachuo wakambatiza Mwalimu Gesi. Alikuwa ameona mambo mawili tangu wiki ya kwanza: kwamba mlima nyuma ya mabweni umebaki kipara kwa kukatwa miti, na mvua ikinyesha matope yanashuka mpaka mlangoni mwa madarasa, na kwamba mapipa ya makombo kutoka bwaloni yanamwagwa kila jioni shimoni, nzi wakifanya harusi. Akaandaa mpango. Makombo hayo yachanganywe na samadi ya zizi la chuo, yatiwe kwenye tangi la chini ya ardhi lisilopitisha hewa, yaoze humo na kutoa gesi ya kupikia. Mkuu wa chuo aliupenda mpango, lakini alimwambia kwamba jikoni kuna mwenyewe, akamwombe mwenyewe.

Bi Mwiko alimsikiliza huku akichambua maharage. Alielewa upesi, maana shimo lile lilimkera miaka yote. Alilelewa kwamba chakula hakitupwi. Akauliza swali moja tu: kuni je? Mwalimu Gesi akajibu kwa furaha kwamba kuni zitapumzika moja kwa moja. Hakujua aliyezileta ni nani. Bi Mwiko akamwambia ampe siku chache.

Siku hizo hakulala vizuri. Binti yake, aliyekuwa akimsikia akikohoa chumba cha pili, alimwambia wazi kwamba kama anangoja ruhusa ya mtu, basi yeye amempa. Jumatatu Bi Mwiko alikwenda kwa mkuu wa chuo akasema ndiyo. Na kwa kuwa hakutaka mdogo wake akaisikie habari getini kama umbea, Jumamosi ilipofika alimngoja amalize kikombe cha kwanza.

"Nimekubali mtambo wa gesi," alimwambia. "Ukikamilika, chuo hakitachukua kuni tena."

Mdogo wake aliweka kikombe chini. "Nani amekushawishi?"

"Hakuna. Nimechoka na moshi, mdogo wangu. Na ule mlima umekwisha."

"Mlima una watoto? Mimi ninao." Akasimama. "Angenifanyia hivi mtu baki, ningeelewa. Wewe ni dada yangu."

Mdogo wake akaondoka, kikombe cha pili kimebaki kimejaa. Tangu siku hiyo alileta kuni bila kushuka kwenye lori. Vibarua wakishusha, yeye aliketi kwenye usukani akitazama ukuta ulio mbele yake kana kwamba kuna barabara. Salamu alimpa mlinzi wa geti, naye mlinzi akazifikisha kwa aibu.

Kazi ya mtambo ikaendelea. Wanachuo walichimba shimo kwa zamu, mafundi wakajenga, mabomba yakatandazwa mpaka jikoni. Maneno hayakukosekana. Bwaloni ilivuma kwamba sasa watalishwa wali wa kinyesi, na wengine wakaapa kuishi kwa biskuti mpaka wahitimu. Siku moja, foleni ikiwa ndefu, Bi Mwiko alisimama mbele yao, akaunyoosha mwiko, akawauliza mboga walizokula jana walidhani zimeoteshwa kwa marashi. Foleni nzima ikacheka, na wenye biskuti wakashika sahani zao.

Wiki kadhaa baadaye gesi ilifika. Mwalimu Gesi alifungua koki, akawasha kiberiti, ukaruka mwali wa buluu. Wanawake wa jikoni waliuzunguka kama waliokuja kuona mtoto mchanga. Mmoja, kwa mazoea, aliinama aupulize, wenzake wakamvuta. Siku ile walipika huku wakizungumza kuanzia asubuhi hadi jioni bila kupaliwa, wakagundua kwamba mmoja wao ana sauti nyembamba kama ya ndege. Hawakuwahi kuisikia vizuri.

Lakini furaha nayo ina makosa yake. Walivyolipenda tangi lile, wakawa wanalilisha kila kitu: uji uliochacha, mafuta yaliyoungua, hata maji ya kuoshea vyombo na sabuni yake. Mwali ukaanza kuwa wa manjano, ukawa unakohoa badala yao, na asubuhi moja ukazimika kabisa, maharage ya chuo kizima yakiwa bado mawe. Mwalimu Gesi alikuja mbio, akafunua mdomo wa tangi, akanusa, akarudi nyuma.

Alieleza kwamba humo ndani kuna vijidudu vinavyosaga chakula kama tumbo la mtu linavyosaga, na vimezidishiwa.

"Kwa hiyo limevimbiwa," alisema Bi Mwiko.

"Limevimbiwa hasa. Na kosa ni langu, sikuwapa kipimo."

"Nasi hatukuuliza," alisema Bi Mwiko.

Dawa ilikuwa kulipumzisha bila kulilisha. Majiko ya zamani yalikuwepo bado, lakini kuni hazikuwepo hata za kuchokolea meno. Bi Mwiko alitoka nje, akasimama kando ya ukuta, akaishika simu kwa muda. Kisha akapiga. Alimweleza mdogo wake kwamba tangi limegoma na wanachuo watakosa chakula.

"Nakuja," alisema mdogo wake.

Alikuja na mzigo kamili. Safari hii alishuka. Alibeba kuni kwa mikono yake mwenyewe, akazipanga, akawasha moto kwa ufundi wake wa zamani, na chakula cha mchana kikachelewa kidogo tu. Kazi ilipotulia, dada yake alimmiminia chai bila kumuuliza.

"Nisikudanganye," alimwambia. "Sikukuita ili nikurudishie kazi. Tangi likipona, tutarudi kwenye gesi."

"Najua, dada." Alipuliza chai yake. "Nilipoona jina lako kwenye simu, nilidhani umeugua. Uliposema ni tangi, nilishukuru Mungu. Nikasema, kumbe mimi ni mjinga."

Bi Mwiko alijifuta macho, na kwa kuwa jiko lilikuwa linafuka moshi, hakuna aliyeweza kumshutumu kwa kulia.

Baadaye alimpeleka nyuma ya jiko akaone mtambo wenyewe. Huko kulikuwa na shida nyingine. Tope lililotoka tangini baada ya kutoa gesi lilikuwa limejaa kwenye bwawa lililochimbwa kulipokea na kuanza kutiririka kuelekea nyumba ya mkuu wa chuo. Mwalimu Gesi alikuwa amelimwaga kwenye bustani zote za maua mpaka yakashiba. Mdogo mtu aliuliza kama ni mbolea. Alipoambiwa ni mbolea nzuri kuliko samadi mbichi, akasema kando ya ile barabara anayofuatia kuni kuna wakulima ambao mashamba yao yamechoka, na kila akipita wanamuuliza habari za samadi. Aliomba mapipa, akapakia, akaondoka amejifunga kitambaa puani.

Wakulima walirudi kuomba tope lingine. Hakutajirika, ila lori halikukosa kazi, na mzigo wake mpya haukuhitaji shoka. Tangi nalo lilipona, likapewa chakula kwa kipimo, na likizo ilipofika wanachuo waliobaki walilipaka dari la jiko chokaa. Kikohozi cha Bi Mwiko hakikuisha chote, lakini kilipungua kiasi cha kumwacha aimbe akiwa kazini. Wanawake wakagundua kwamba anaimba vibaya sana. Walimwacha aimbe.

Jioni moja alipigiwa simu na wifi yake, mke wa mdogo wake.

"Wifi, mimi niliolewa na mwanamume anayenukia msitu," alisema. "Huyu unayenirudishia sasa ananukia nini?"

"Mwogeshe nje kwanza, ndipo umfungulie mlango."

"Tunabishana juu ya hilo kila siku. Haya, sikiliza. Kesho mwambie asipeleke mapipa yote kwa watu. Nami nina nyanya zangu hapa nyuma, nataka pipa."