Mimea Iliyohamia kwa Mkurugenzi

Jumatatu asubuhi Bi Majani, mtaalamu wa mimea, alifika kilimani na fremu yake ya mbao, ile anayoilaza chini ili ahesabu kilichoota ndani yake. Hakukuta cha kuhesabu. Mimea ilikuwa imeondoka. Ujana wake wote ameumaliza hapo, akionyesha jinsi joto linavyoisogeza juu mwaka hadi mwaka kutafuta ubaridi. Mwishowe ilikuwa imefika kileleni, na zaidi ya hapo ni mbingu.

Alifuata michirizi ya udongo hadi ghorofa ya tatu ya taasisi, ofisini kwa mkurugenzi, kwenye kiyoyozi pekee kinachofanya kazi. Mimea ilikuwa imejipanga juu ya zulia, imetulia.

"Shikamoo, mama," alisema katibu muhtasi, miguu juu ya droo. "Wageni wako walitangulia."

"Marahaba. Nisogezee kiti hicho, nilaze fremu."

Mkurugenzi aliingia, akaruka nyasi mbili, akafurahi kweli.

"Si unaona, Bi Majani? Imejitafutia yenyewe. Kilima cha nini tena? Nawapa wale wanaotaka kujenga maegesho ya magari, leo hii."

"Haijatimia, mzee. Kangaga halimo."

"Litatukuta."

Roho ilimuuma Bi Majani. Kangaga lile, lenye majani kama manyoya, ndilo alilolipenda kuliko yote, ingawa mtafiti hatakiwi kupendelea. Wala hatakiwi kugusa anachokichunguza. Hata kwekwe hajawahi kuing'oa. Leo, alijiambia, liwalo na liwe, nitalibeba.

Alilikuta katikati ya mteremko, likijikokota kwa mizizi. Chini tingatinga lilikuwa limeshaanza kunguruma. Akachuchumaa, akaliinua pamoja na udongo wake, ndipo akaona mizizini nyuzi za zulia la mkurugenzi. Kumbe lilishafika. Lilikaa, likaona mambo ya kule juu, likaamua kurudi kwao.

"Na wewe una kichwa kigumu," alilinong'oneza.

Akalirudisha chini, limeelekea kule kule lilikokuwa likienda, akakaa kando yake. Tingatinga lilipanda hadi miguuni pake, likasimama. Dereva akazima injini, akamwamkia kwa adabu, akalitazama kangaga likipita mbele ya matairi.

"Nakwenda kula, mama," alisema. "Nikirudi naendelea."