Balzer wa Mteremko wa Muletg

Ursina Cathomas alichimba shimo kwenye theluji, akapiga magoti, akakata nguzo ya theluji yenye upana wa koleo ili aijaribu. Aliweka koleo juu ya nguzo, akaligonga kwa ncha za vidole, kisha kwa mkono kutoka kiwikoni. Hakufika kugonga kutoka begani. Nguzo ilikatika, nusu ya juu ikateleza mapajani mwake.

“Theluji ya Desemba imekuwa chengachenga kama sukari,” aliwaambia wanaume wa chama cha skii cha kijiji. “Hii mpya imeikalia tu, haijashikana nayo. Tukipita mteremko huu wa Muletg leo unaporomoka na sisi. Turudi.”

“Shemeji nawe!” alisema Gieri, mwenyekiti, mume wa dada yake. “Mbingu safi hivi, bila wingu, wewe unaona msiba tu!”

Wenzake walicheka, wakaanza kukaza buti. Walikuwa wanakwenda kufa kwa furaha kabisa, na mmoja wao alikuwa baba wa watoto wa dada yake. Ilimuuma Ursina.

Hapo mjomba wake Balzer alitoka kwenye lile tabaka la Desemba, akajikung’uta. Alikuwa amefunikwa na maporomoko ya Muletg kabla Ursina hajazaliwa. Suruali yake ya sufu ilikuwa bado nzuri.

“Hamjambo,” alisema. “Mna mkate wa mapeasi?”

Gieri alimkatia kipande.

“Mpwa wangu anasema kweli,” alisema Balzer huku akitafuna. “Haifai.”

“Balzer kasema haifai!” Gieri aliwatangazia wa nyuma. “Geuzeni!”

Waligeuza bila ubishi. Walipofika kwenye misonobari, Muletg iliguna, ikashuka yote kwa kishindo. Wanaume walimpigapiga Balzer mgongoni, mikono ikawaganda.

Jioni ile, kwenye kibanda cha chama, walimchagua kuwa kiongozi wa safari.

“Jamani, mimi nilifia pale pale,” alisema Balzer. “Niliangalia mbingu. Hata shimo sikuchimba.”

“Huo sasa ndio uzoefu,” alisema Gieri, na mikono yote ikanyooshwa juu. Ursina alipewa kisu akate mkate.

Jumapili iliyofuata Balzer alisimama mbele ya kundi katika mteremko mwingine, mikono mfukoni. Ursina alichimba, akakata, akagonga hadi bega likamwasha. Nguzo haikutikisika. Balzer aliinama kama anayefunga buti.

“Mama, leo inakuwaje?” alinong’ona.

“Inafaa, mjomba.”

Balzer alinyooka, akakohoa. “Inafaa!”

Walimshangilia, wakateremka wakipiga mayowe, theluji ikiruka hadi kofiani. Ursina alifukia shimo, akawafuata kwa mbio, akawapita wote, akafika chini akicheka peke yake. Gieri alifika akihema, uso mwekundu kwa raha.

“Shemeji,” alisema, “umemwona mzee anavyoisoma theluji? Ujifunze.”