Sauti Iliyotangulia Wenzake

Mama Ummu aliketi kwenye dawati la mwanawe, magoti yakigusa ubao, mkoba ameupakata, macho kwangu. Darasa lilikuwa limetulia tuli. Kidato cha Tatu kutulia hivyo, jamani, ni jambo la kuitia waandishi wa habari! Niliinua chaki, nikaugeukia ubao.

"Endelea tu, mwalimu," akasema. "Fundisha kama siku zote."

Kama siku zote! Laiti angejua. Tangu muhula uanze sikuwa nimefundisha kama siku zote, na sababu ilikuwa dawati hilohilo alilokalia.

Watoto wale wamekwisha kumaliza shule sasa, kwa hiyo naweza kusema. Mimi ni Mbeti, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya kutwa iliyopakana na nyumba kuukuu za Kaloleni, na sina tabia ya kumaliza sentensi darasani. Mkia wake namwachia mwanafunzi. "Hasi mara hasi ni...?" Nao wanapaza sauti, "Chanya!" Serikali inataka hesabu kwa Kiingereza, na Kiingereza tunakipiga kweli, lakini mtoto anapokwama mimi humvuta kwa Kiswahili. Kila mkaguzi aliyewahi kuketi nyuma ya darasa langu amenikemea. Kuitikia kwa pamoja, wanasema, kunamficha asiyejua. Ni kweli, kunamficha. Ila mtoto aliyejificha ndani ya sauti za wenzake husikia jibu sahihi likitoka kinywani mwake mwenyewe, na siku moja huanza kuliamini. Hapo mkaguzi hanitoi, hata aje na bosi wake.

Ummulkheir hakuwa na haja ya kujificha. Alikaa dirishani, safu ya nyuma, mwembamba kama ufito, macho yamepiga umanjano kwa selimundu, ugonjwa wa damu uliokuwa ukimlaza hospitalini kila muhula. Na subira hakuwa nayo hata chembe. Wenzake wakivuta pumzi, yeye ameshajibu. Chanya yake ilitoka nyembamba, ya kukatika, kisha ndipo wengine wakaifuata kwa kishindo. Nilikuwa nikimtania, "We Ummu, utakuja kujibu kabla sijauliza." Anacheka, anaziba mdomo kwa ncha ya hijabu.

Likizo ya Aprili maumivu yakamzidi. Alifariki asubuhi, na kabla ya alasiri alikuwa amezikwa. Nilikwenda kumpa pole mamake, nikaishia kuosha vikombe jikoni na akina mama wengine.

Shule ilipofunguliwa nikaingia darasani, nikauliza kwa mazoea. Hasi mara hasi ni? Kutoka dirishani, sauti nyembamba, ya kukatika, ikatangulia. "Chanya." Wenzake wakaifuata kama walivyozoea, halafu sauti zao zikafa njiani, wakageuka wote kuiangalia nafasi yake tupu. Chaki ilinidondoka.

"Madam," akasema Shirleen, aliyekuwa akiketi na marehemu. Alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa benchi, amejikumbatia. "Si umeskia? Huyo ni Ummu, haki ya Mungu."

Nilimsikia. Na siku iliyofuata nilimsikia, na iliyofuata hiyo. Nilimweleza Mwangangi, mwalimu wa fizikia, mtu asiyeogopa kitu ila mkewe.

"Ni mwangwi, Mwalimu Mbeti. Ukuta wa nyuma ni wa mabati. Sauti inagonga, inarudi."

"Mwangwi hutangulia sauti?"

Akakoroga chai yake ambayo hata sukari haikuwa nayo.

Basi nikaacha kuwaitikisha kwa pamoja. Nilifundisha kwa kumtaja mtu jina, mmoja mmoja, vile wakaguzi wanavyopenda, na sauti haikuja tena. Lakini darasa nalo likafa. Waliokuwa wakijificha walikosa pa kujificha, wakainamisha vichwa. Shirleen alikataa kujibu chochote. Nilikuwa nimemnyamazisha mtoto wa watu kaburini kwake, na walio hai nikawanyamazisha pia. Nilikuwa naogopa, nisiwadanganye. Jioni nilipanda gari la kurudi nyumbani Umoja nikiwa na baridi mwilini na huku jua linawaka.

Mtaa wa shule hauna siri. Siku moja nikatoka darasani nikamkuta Mama Ummu mlangoni. Tangu mazishi majirani walikuwa wameanza kumwita Mama Zaki, kwa jina la kitinda mimba wake, naye alikuwa hawaitikii.

"Mwalimu, niambie kweli. Watoto wanasema mwanangu angali anajibu."

"Watoto wana maneno mengi, Mama Ummu."

"Tangu tumzike sijafunga mlango." Alisema kwa utulivu, kama anayeeleza bei ya nyanya. "Wameniibia mtungi wa gesi. Wameniibia viatu vya Zaki. Na Zaki mwenyewe analala hapo, mlango u wazi, mtaa huu unaoujua. Juzi nimeamka nimemkuta mwanamume simjui amesimama anamtazama. Na bado siufungi. Nitaufungaje, kama mwanangu yuko njiani? Kama amefika anakokwenda, niambieni, nifunge. Kama hajafika, nimngoje. Hapa katikati, mwalimu, nitampoteza na huyu aliyebaki."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa nitalia. Akaomba jambo moja tu, aketi darasani asikie mwenyewe. Ningemnyimaje?

Ndivyo alivyokuja kukaa pale dirishani, na mimi chaki mkononi.

"Hasi mara hasi ni...?"

Kimya. Walikuwa wamepatana, nadhani ni Shirleen aliyewapanga, wanyamaze ili mama amsikie mwanawe vizuri. Huko barabarani mwenye mkokoteni alipiga kelele apishwe. Nikauliza tena. Hakuna. Nikaona uso wa Mama Ummu unaanza kuvunjika.

"Huwa anajibu peke yake?" akauliza.

"Hapana. Na wenzake."

"Basi wenzake wajibu."

Nikawageukia wote. "Pembe tatu za pembetatu, tukizijumlisha, ni digrii mia moja na...?"

"Themanini."

Ilitangulia. Nyembamba, ya kukatika, na safari hii haikutoka dirishani tu, ilitoka palepale begani mwa mamake, kana kwamba amemwegemea. Kisha darasa likafuata kwa kishindo, themanini, mabati yakatetemeka. Shirleen alifumba macho, machozi yakamchuruzika mashavuni.

Mama Ummu alitazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepanga foleni, jina lake halijaitwa.

"Amejibu?" akaniuliza.

Yarabi! Sote tulimsikia, isipokuwa yeye.

Nikisema ndiyo, nimempa mtoto asiyeweza kumsikia na mlango wa kuuacha wazi hadi afe. Nikisema hapana, nimemkana mtoto mbele ya mamake, naye yupo, amesimama hapo. Nikafanya lile nililozoea kufanya, nikawaachia wao mkia.

"Darasa," nikasema. "Mama anauliza kama tumemsikia Ummulkheir. Tumjibu mama. Jibu ni...?"

Sikujua watasema nini. Naapa sikujua.

"Hapana."

Ni Ummu aliyetangulia. Nyembamba, ya kukatika, bila subira. Na wenzake, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata rangi ya anga, wakamfuata wote kwa sauti moja. "Hapana."

Mama Ummu aliinamisha kichwa. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi amefika."

Akasimama, akalifuta dawati kwa kiganja, polepole, akaniomba radhi kwa kuwachelewesha watoto. Aliwashukuru wote. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikamtazama akivuka uwanja, anatembea kama mtu mwenye shughuli nyumbani.

Nilirudi ubaoni. Mtaala haungoji mtu.

"Hasi mara hasi ni...?"

"Chanya!" wakajibu, wote pamoja, hakuna aliyetangulia.

Nikauliza tena swali lilelile. Wakajibu tena, kwa upole, wakinionea huruma. Nikafungua kinywa niulize mara nyingine, na Shirleen akanitazama kutoka kwenye benchi lake, akatikisa kichwa kunikataza.