Choo cha Paka

Fundi cherehani alikuwa na tumbo lisilotulia, na mchawi wake alishamjua: paka wa binti yake. Paka analala juu ya vitambaa vya wateja, analamba sahani hata kabla hujanyanyuka, sasa hapo unategemea nini? Binti, ambaye ndiye pekee aliyebaki naye nyumbani tangu mama yake afariki, alimtetea paka wake kufa na kupona. Mwishowe wakakubaliana: vipimo vikimkuta paka na hatia, ataondoka.

Daktari hakuegemea upande. Alisema kuishi na wanyama kunaweza kumletea mtu minyoo, lakini wapo pia ambao huenda matumbo yao yanapata nguvu kwa kuwazoea. Asimlaumu paka bure, kwanza alete choo. Fundi alirudi nyumbani na nusu ya maneno hayo. Habari ya minyoo aliisema mara mbili, ile nyingine akaimeza.

Asubuhi yake, kikopo mkononi, shetani akampitia. Je, choo chake kikikutwa kisafi? Paka ataendelea kutamba juu ya suti za watu! Akazunguka nyuma ya nyumba, akachutama penye mchanga wa paka, akachota kidogo kwa kijiti. Mtu mzima na heshima zake, jamani. Aliona aibu, lakini kifuniko alikifunga.

Maabarani, dada mpimaji alimwita pembeni. Alikuwa na staha, ashukuriwe.

"Mzee, hiki kimejaa manyoya na mchanga, ni cha paka, si cha mtu," alimwambia taratibu. "Na minyoo sijaona. Huyo paka mzima kabisa. Sasa tuletee chako."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia nzima alijitukana, akaapa kumweleza binti yake kila kitu, acheke mpaka achoke.

Alimkuta anafagia manyoya chini ya cherehani, macho mekundu. Binti akamwambia asihangaike tena. Alipomwona anatoka asubuhi ameshika tumbo, roho ilimuuma, akampa paka dereva wa lori aliyekuwa anahama na familia yake, mbali huko.

"Paka nitapata mwingine, baba. Wewe nitakupata wapi? Haya, wamesemaje?"

Fundi akajibu kwa aibu:

"Wamesema paka ni mzima."

Binti akaacha kufagia.

"Kwani walimpima paka?"