Vitabu Vilivyoishikilia Nyumba

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata ile ya kushika kwa ncha ya vidole, basi ulimi wangu na ukauke, na meno machache niliyobaki nayo yang'oke yote kwa mpigo. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine niliambiwa na watu wasio na sababu ya kunidanganya, kwa kuwa hakuna aliyewalipa.

Fundi Bomba na mkewe, Mama Pacha, walirudi nyumbani Jumapili mchana kutoka kumtazama mjukuu mpya. Fundi alibeba mfuko wa nguo chafu, Mama Pacha alibeba funguo. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Ndani, redio ilikuwepo, pasi ilikuwepo, cherehani ilikuwepo na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Ila rafu za chumba cha mbele, kuanzia sakafuni hadi darini, zilikuwa tupu. Vitabu vya tiara vilikuwa vimeondoka vyote.

Lazima niseme kidogo kuhusu vitabu hivyo. Fundi alitumia ujana wake akiwa amelala chali chini ya masinki ya watu, na kila alipolipwa alipitia kwa wauza vitabu vya mitumba kutafuta chochote kilichoandikwa kuhusu tiara, zile za karatasi na uzi zinazopandishwa na upepo. Vingine vilikuwa vya lugha asizozijua, na hivyo ndivyo alivyovipenda zaidi, kwa sababu havikubishana naye. Kimoja chenye jalada jekundu alikisaka tangu pacha wake wananyonya, akakipata wakati pacha hao wameshaanza kuota mvi. Mwenyewe hakuwahi kurusha tiara hata moja. Mkewe alipomuuliza sababu, alijibu, "Mama Pacha, mtu akipenda kutazama picha za harusi, ndiyo aoe kila Jumamosi?"

Kinyozi wa mkabala alikuwa na habari kamili ya wizi.

"Walikuja vijana na mkokoteni," alisema, huku akiendelea kunyoa kichwa cha mtu. "Wastaarabu kweli. Wakasema mnahama. Nikawasaidia kusukuma, maana mzigo ulikuwa mzito si mchezo."

"Umewasaidia wezi wangu?"

"Fundi, jamani! Wangekuwa wezi wangeniomba msaada?"

Fundi akakaa kwenye benchi la kinyozi, akashika tama. Alikaa pale hadi akanyolewa bila kuomba.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alitoka na ndoo ya maji machafu, mguu ukatafuta ardhi ukaikosa. Kizingiti kilikuwa kimepanda kiasi cha tofali moja. Akamwaga maji yake, akarudi ndani.

"Baba Pacha, nyumba imenyanyuka."

"Bomba je?" Fundi aliuliza kutoka kitandani.

"Limevutika kama kamba ya kuanikia."

Hapo ndipo alipoamka.

Mwashi akaitwa. Akagonga ukuta kwa kidole, akalala kifudifudi akachungulia chini ya nyumba, akaona miguu ya kuku wa jirani upande wa pili. Akajipangusa vumbi.

"Nyumba haina kasoro," alisema. "Ilikuwa imeshikiliwa na vitabu. Mmeondoa uzito, nayo inakwenda zake."

"Itaishia wapi?"

"Hilo muulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa Fundi.

Basi ikapanda. Haikupanda kwa pupa, ilipanda kama unga unavyoumuka chini ya kitambaa. Kila asubuhi Fundi aliunga kipande kingine cha bomba, akapaka gundi, akasubiri ikauke, kisha Mama Pacha akafungua koki jikoni na maji yakatoka. Waliazima ngazi ya fundi umeme, na ilipokuwa fupi wakafunga ya kamba. Majirani nao walijipanga haraka. Wenye watoto wachanga walianika nepi uvunguni mwa nyumba siku za mvua. Kinyozi akahamishia huko benchi, kioo na wateja, akasema tangu azaliwe hajawahi kupata kivuli kisicho na kodi. Mchomelea vyuma alipendekeza isipande zaidi ya hapo, kwa kuwa hapo ndipo ilipopendeza, lakini hakusikilizwa.

Mama Pacha ndiye aliyefurahi kupita wote. Alifagia huku akicheka peke yake, maana vumbi lilitoka mlangoni moja kwa moja na halikurudi. Alifungua madirisha yote, mapazia yakalala hewani kama watu waliotosheka, naye akazunguka chumbani akiimba, visigino havigusi sakafu. Fundi hakuimba. Alikaa chumba cha mbele akizitazama rafu, na mkewe alipompa chakula, alikila akiwa ameelekea huko huko.

Asubuhi moja Mama Pacha aliinama dirishani kukung'uta shuka, macho yakaruka juu ya ukuta wa Mwenyekiti. Huyu ndiye mwenyekiti wa ulinzi wa mtaa. Aliyeibiwa huandikisha kwake, na anayetaka mtoto aingizwe shule au ndugu apate kibarua, lazima apate barua yenye muhuri wake. Ukuta wa ua wake ni mrefu na juu umepandwa vipande vya chupa. Kutoka chini huoni kitu. Kutoka kwa Mama Pacha, siku hiyo, ulionekana ua mzima, na katikati yake turubai kubwa. Chini ya turubai vilichomoza kiti cha kinyozi, jenereta ya mchomelea vyuma, na magurudumu ya baiskeli kadhaa. Juu ya turubai, ili upepo usilipeperushe, vilipangwa vitabu.

"Baba Pacha, njoo uviangalie vitabu vyako."

Fundi alifika mbio, soksi moja mguuni.

"Chekundu!" alilia. "Amekiweka chekundu pembeni kabisa! Na wingu lile linakuja!"

Kinyozi alisikia kelele, akainua uso.

"Fundi, na kiti changu kipo?"

"Kipo, karibu na tangi."

"Kimechanika?"

"Hakijachanika."

"Afadhali," alisema kinyozi, akarudi kwenye kidevu cha mteja.

Tangu siku hiyo watu walifika kuuliza hali ya vitu vyao kama wanaouliza ndugu walio ughaibuni. Mama Pacha aliwajibu kutoka dirishani: jenereta imehamishiwa kivulini, baiskeli moja haina tandiko, ile feni haijambo. Watu wakashukuru, wakaenda zao wakiwa na nyuso kunjufu. Hakuna aliyeuliza vilifikaje huko. Walikuwa wanajua.

Fundi peke yake alishuka kwa ngazi ya kamba, akaenda ofisini kwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, nimeviona vitabu vyangu."

"Habari njema hizo, Fundi. Umeviona wapi?"

"Uani kwako."

"Uliingilia geti lipi?"

"Sikuingia. Nimeviona nikiwa nyumbani."

"Nyumba yako si ya chini?"

"Ni ya chini. Ila iko juu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, kwa huruma, kama anayemwona mtu mzima mwenzake akijiharibia.

"Una kibali cha kupanda?"

Fundi hakuwa nacho.

"Basi tusifike huko. Mimi nakuheshimu. Nenda kaweke pazia upande wa kwangu."

Sasa mwisho wake ni huu. Siku wingu la mvua lilipokaribia tena, Fundi alichukua ndoano yake ya kuzibulia mabomba, akaifunga kwenye uzi mrefu, akaitupa kutoka dirishani. Akanasa kitabu, akavuta. Akanasa kingine, akavuta. Turubai likakosa uzito, likaruka, mtaa mzima ukaona. Mwenyekiti akapiga magoti, kila mtu akachukua chake, vitabu vikarudi rafuni, na nyumba ikashuka polepole pale pale ilipokuwa, watu wakipiga makofi.

Hapo ndipo niliponaswa. Nilikuwa nawasomea wenzangu karatasi hizi kwenye benchi la kinyozi, nikasahau benchi liko uvunguni mwa nani. Kichwa cha Mama Pacha kikatokea dirishani.

"Wewe mstaafu! Ya nyumba kupanda umesema sawa. Ya bomba, sawa. Hapo mwisho umeongopa. Kimerudi kitabu gani?"

"Nilikuwa napamba kidogo tu, Mama Pacha."

"Kapambe ukumbi. Waambie ilivyokuwa."

Nikawaambia, ingawa wote walikuwepo. Ndoano ilirushwa kweli, ikakinasa kile chekundu. Kilikuwa nusu ya njia hewani Mwenyekiti alipotoka amevaa fulana tu, akatazama juu, akapiga yowe: "Mwizi!" Mtaa mzima ukatoka. Kila mmoja alikuwa na barua inayosubiri muhuri. Mtaa mzima ukamtazama Fundi. Naye akalegeza uzi taratibu, asije akakiumiza, hadi kitabu kikatua juu ya turubai kikiwa wazi.

Mvua ilipoanza kunyesha, nyumba ilijisogeza yenyewe hadi pale bomba liliporuhusu, ikainama kidogo upande wa ukuta, paa lake likaukinga ua. Haijarudi tangu hapo. Vitabu havilowi. Kiti hakilowi, jenereta hailowi, na Mwenyekiti husema hadharani kwamba mtaa huu una majirani wema. Alasiri Fundi hulala kifudifudi dirishani na darubini ya kuazima, akisoma ukurasa wowote ambao upepo umemfunulia.

Kwenye benchi la kinyozi anayeongopa hununua chai. Nikanunua ya wote. Kikapu kikashuka kwa kamba, nikaweka vikombe viwili.

"Cha Baba Pacha kijaze," Mama Pacha alisema. "Leo upepo una haraka, hajala tangu asubuhi."

Nikakijaza. Wakati natafuta chenji mfukoni, mkono ukatokea juu ya ukuta, kati ya vipande vya chupa, umeshika kikombe kitupu.

"Nasikia kuna chai," alisema Mwenyekiti.

Nikalipia na hicho.